Uzi: Mjomba asaini au aripoti? Mliotazama ule mchezo wa kangomba njooni tujadili

#1 Ngonjera Mtwara
Wakuu, habari za jioni.

Kuna kikundi cha vijana kilikuja kijijini kwetu, huku upande wa Nanyamba, kikacheza uwanja wa shule ya msingi jioni jua likipoa. Hakuna jukwaa wala kipaza sauti. Kina mama na watoto kwenye mikeka mbele, wanaume nyuma wameegemea baiskeli. Tangu siku ile kijiweni hakuna mazungumzo mengine, na watu wamegawanyika mpaka ndani ya nyumba.

Kwa ambao hawakuwepo: binti mmoja mama yake amelazwa hospitali ya Ligula. Korosho bado ziko mtini, minada haijaanza. Anakuja mnunuzi wa kangomba, yaani wale wanaonunua korosho kwa bei ya chini nje ya mnada, anampa laki tatu taslimu kwa magunia matano yatakayovunwa. Binti anapokea, mama anatibiwa. Msimu unafika, mnunuzi anayapeleka yale magunia chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kwa namba ya mkulima ambaye hana hata mkorosho mmoja. Na anayepokea mzigo ni nani? Kaka wa huyo mama mgonjwa, mjomba wa binti, ndiye katibu wa chama. Shamba analijua, magunia anayajua, mpaka kamba iliyoshonea midomo ya magunia anaijua kwa sababu alinunua yeye. Akisaini amewasaliti wanachama. Akiripoti, korosho zinakamatwa na binti wa dada yake anaitwa polisi. Kijana aliyecheza mjomba akashika kalamu, akaishusha karibu na kitabu, mkono ukaganda hapo. Muongozaji akapuliza filimbi, mchezo ukasimama. Akatugeukia: "Nani anakuja kumalizia?"

Kijana mmoja, aliyekuwa akipaza sauti tangu mwanzo kwamba wote wakamatwe, akaingia. Akavaa kofia ya mjomba, akasema naripoti. Yule binti wa mchezo hakubishana. Alikaa chini, akasema: "Sawa mjomba. Ila mama nenda ukamwambie wewe." Kijana alifungua mdomo, akaufunga. Akavua kofia, akarudi alikotoka. Hakuna aliyemcheka.

Ndipo akainuka bibi mmoja, akaivaa kofia juu ya mtandio. Binti hakumsemesha kabisa. Akamgeukia mnunuzi: "Ulimpa ngapi?" Laki tatu. "Kwa magunia mangapi?" Matano. "Basi korosho hizi zinapokelewa kwa jina la dada yangu. Hela ikiingia benki utarudishiwa laki tatu yako na nauli ya kwenu. Hutaki, nenda kashtaki, ukawaeleze ulivyozipata." Uwanja ulilipuka.

Nasema hivi, na anayebisha abishe: mtu ukimtazama ndani ya mchezo wa namna ile unaujua uadilifu wake kuliko ukimsikiliza mwaka mzima kwenye mikutano ya kijiji. Na nauliza: bibi alitatua tatizo au alilikwepa?

#2 Mla Mbaazi
Nimetandika mkeka. Bibi apewe uwenyekiti wa chama kesho asubuhi.

#3 Karani wa Mizani
Habari. Nimewahi kukaa kwenye mizani ya chama cha msingi kwa hiyo niweke mambo mawili sawa kabla hatujafika mbali.

La kwanza, huku kijijini watu wanasema katibu anasaini stakabadhi. Kinachotolewa kwenye chama cha msingi ni risiti ya mapokezi. Stakabadhi ya ghala anaitoa mwendesha ghala mzigo ukishafika ghala kuu. Kwa hiyo mjomba si mlango wa mwisho, bali wa kwanza. Ila ni yeye pekee katika mnyororo wote anayeujua uso wa mwenye shamba. Ukishapita kwake, gunia halina ndugu.

La pili, pigeni hesabu. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80. Magunia matano ni kilo 400. 300,000 gawanya kwa 400 ni shilingi 750 kwa kilo. Mwaka 2018 serikali ilipoagiza zinunuliwe kwa kutumia jeshi bei ilikuwa 3,300. Hata ukisema ule mwaka ulikuwa na mambo yake, 750 ni kumvua mtu nguo.

#4 Wakili wa Mtaa
Mleta uzi, hoja yako naipinga. Mbele ya majirani kila mtu anacheza, hata aliyekaa kwenye mkeka. Yule kijana hakuonyesha uadilifu wake, alionyesha haya yake. Usiku akiwa peke yake ofisini na kalamu, bila macho ya uwanja mzima, angeweza kusaini au kuripoti na usingejua kamwe. Na bibi vilevile: alijua watu watamshangilia. Kushangiliwa si ushahidi wa haki.

Halafu kuna jambo mnalipita haraka. Mnunuzi alitoa hela wakati hakuna mwingine aliyetoa. Si mjomba, si chama, si jirani. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, ungepiga shamba lile angekula hasara yeye. Mama yuko hai kwa hela yake. Bibi kamnyang'anya mchana kweupe na nyie mnapiga vigelegele.

#5 Dada Chikongola
Wakili, mkutano wa kijiji nao si una macho? Tena macho yaleyale. Tofauti ni kwamba mkutanoni bibi yule anakaa nyuma, na akisimama anaanza kwa kuomba radhi. Siku ile alipovaa kofia alisema kama mjomba, kwa sauti ya mjomba, na wanaume wakamsikiliza mpaka mwisho. Maneno yale amekuwa nayo miaka, alichokosa ni kofia tu.

Na nyote mnaongea kama vile upande mmoja kuna kazi na upande wa pili kuna undugu. Kwetu mjomba si ndugu wa kutembelewa sikukuu. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kuulizwa. Mtoto wa dada akiiba, anaitwa mjomba. Akiolewa, anaitwa mjomba. Kwa hiyo mtu yule hakuwa na wajibu mmoja na kishawishi kimoja. Alikuwa na wajibu mbili, zote za kweli. Ndiyo maana mkono uliganda.

#6 Ngonjera Mtwara
Dada #5 umenifungulia kitu. Nilikuwa naiona ni kesi ya rushwa ya kawaida.

#7 Mzee wa Mapiko
Wanangu, hamjambo.

Mnaongea kama vile mambo haya yameletwa na vijana wa filimbi. Mapiko, ngoma yetu Wamakonde ya vinyago vya kuvaa, yalikuwa yakifanya kazi hiyo kabla babu zenu hawajazaliwa. Lipiko linatoka na sura ya mkoloni, ya mfanyabiashara, ya mzee mchoyo, ya mwanamke mwenye majivuno. Linatembea kama yeye, linakohoa kama yeye. Mhusika mwenyewe yupo pale kasimama, anajiona. Hakuna aliyemtaja jina na hakuna asiyejua. Akirudi nyumbani ana kazi ya kufanya na nafsi yake usiku kucha.

Sasa tofauti ninayoiona. Lipiko halisimami kati likauliza watu wafanyeje. Linaonyesha, linaondoka. Mjadala unabaki kwenu, mnatembea nao njiani. Mimi naona hilo lina nguvu zaidi. Ukimwambia mtu ajibu palepale, atajibu haraka, na jibu la haraka huwa ni la kujipendekeza. Hapo nakubaliana na Wakili nusu.

#8 Mla Mbaazi
Mzee wangu shikamoo. Ni nani alikuwa ndani ya lipiko pale kijijini kwenu miaka ile? Mimi ni mtani wako kutoka Lindi, niambie mimi tu.

#9 Mzee wa Mapiko
Marahaba. Wewe mtani ukijua wewe, kesho asubuhi inajua stendi yote ya Lindi. Endelea na mbaazi zako.

#10 Mwalimu wa Mtama
Nafundisha fasihi sekondari, naomba niingie hapa.

Tuna mfano wetu mkubwa wa kusini na mara nyingi tunausahau. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitoa Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, mwaka 1969. Wanafunzi wangu wakiisoma kwa ajili ya mtihani wanaandika dhamira, wanaandika ujumbe, wanafunga daftari. Lakini mwaka tulioamua kuicheza darasani, tulipofika mwisho hatukuweza kumaliza kipindi. Kinjeketile amekamatwa. Vita imeshindwa, watu wamekufa wakiamini maji aliyowapa yangewakinga na risasi. Mjerumani anataka aseme maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki na mpiganaji wake, amefungwa pamoja naye na anamshawishi akubali. Anakataa. Akikana, anaona watoto watakaokuja wataambiwa kwamba hata kupigana lilikuwa kosa.

Mwanafunzi aliyecheza Kitunda hakukubali kunyamaza pale kitabu kinaponyamaza. Alimuuliza mwenzake maswali yasiyokuwemo: "Wajane utawaambia nini?" Aliyecheza Kinjeketile alitoka jasho. Darasa likawa pande mbili na kengele ikalia wakiwa bado wamesimama. Miaka yote niliyofundisha dhamira ya kitabu kile sikuwahi kuona hayo. Kwa hiyo mimi niko na mleta uzi: kusoma kunakupa jibu la mtihani, kucheza kunakulazimisha usimame mahali.

#11 Mkilwa Halisi
Mwalimu, heshima yako. Ila tusiwachanganye wadogo zetu. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita ilikuwa imeanza tu mwishoni mwa Julai kwa watu wa Matumbi kung'oa pamba Nandete, na ikaendelea mpaka 1907. Kwa hiyo mtu halisi hakukaa gerezani akitazama vita iliyokwisha kushindwa. Hakuwahi kuwekwa kwenye njia panda hiyo mnayomwekea.

#12 Mwalimu wa Mtama
Sahihi kabisa kuhusu tarehe, na ni vizuri umeiweka. Hussein mwenyewe alieleza katika utangulizi kwamba mhusika wake ni kiumbe cha ubunifu na hafanani kila kitu na mtu wa historia. Alimchelewesha kufa kwa makusudi, ili swali lipate mtu wa kulijibu. Historia ilimnyonga mtu kabla hajaulizwa. Tamthilia ikamuuliza.

#13 Wakili wa Mtaa
Basi nami nitoe hukumu yangu: angekana. Kiongozi aliyesema jambo akaona linaua watu, deni lake ni kwa walio hai. Heshima ya watoto wa kesho haimlishi yatima wa leo. Katika vita ile Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ndiyo iliyoua wengi kuliko risasi. Neno moja la kukana lingeweza kuwarudisha watu nyumbani walime.

#14 Mkilwa Halisi
Wakili, hapo umekaa upande wa mwenye bunduki bila kujua. Aliyechoma maghala ni nani? Angeacha kuchoma kwa sababu mfungwa mmoja amekana? Njaa ile ilikuwa mbinu ya vita, haikutokana na ukaidi wa Kinjeketile. Na sisi ambao wazee wetu walikuwa kwenye vilima vile tunajua thamani ya kwamba hakuna aliyewasimangia wajukuu kuwa babu zao walikuwa wajinga. Hilo nalo ni chakula, tumelikula mpaka leo.

#15 Nahodha Msimbati
Mimi nitasema tofauti na wote na msinikasirikie.

Nimekulia pwani. Uvuvi wa mabomu tumeuona tangu utotoni. Enzi zile vikundi vya ngoma na maigizo vilikuwa vinapita vijiji vya pwani na mchezo wa mvuvi wa bomu: anakatika mkono, mke analia, matumbawe yamekufa, wote tunaimba wimbo wa mazingira. Watu walipiga makofi kwa moyo. Alfajiri unasikia baharini *tuu*. Walewale.

Kwa hiyo nauliza, kuna aliyebadilika? Kulia kwenye mchezo ni rahisi. Mimi naona kilichowagusa watu ni pale walipoachiwa waseme wenyewe mbele ya viongozi. Ule mradi wa RIPS wa Finland uliofanya kazi Mtwara na Lindi ulifika mpaka kutumia video, wavuvi wakajisemea wenyewe. Pale hukuona mchezo wa mtu aliyekatika mkono, uliona mvuvi akimuuliza mkubwa kwa nini wenye mabomu wanakamatwa asubuhi na jioni wako kijiweni.

#16 Mwanatuseme
Nahodha, ule mchezo uliouona ulikuwa na jibu tayari kabla haujaanza, kwa hiyo hapakuwa na cha kuwaza. Usiufananishe na huu wa mleta uzi uliokatwa katikati.

Nitoe wa kwangu. Nilikuwa klabu ya Tuseme shuleni. Kwa wasioijua, Tuseme ilianza mwaka 1996 kupitia idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, ili wasichana wayaseme matatizo yao kwa kuyaigiza. Sisi tulitunga mchezo wa wasichana wawili marafiki. Mmoja ana mimba, mwenzake anajua. Mwalimu wa malezi anamwita huyu wa pili ofisini: sema ukweli. Enzi hizo mimba ilikuwa ni kufukuzwa shule, hakuna mjadala. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kuwa wanaweza kurudi. Kwa hiyo ukisema ukweli unamwangamiza rafiki. Ukidanganya, na tumbo linakua, unamwacha peke yake na siri ambayo haibebeki.

Nilicheza huyo rafiki. Tulikuwa tumepanga niseme uongo. Siku ya mchezo, mwalimu mmoja aliyekuwa mtazamaji akasimama bila kuitwa akamwambia aliyecheza mwalimu wa malezi: "Toka hapo, nikae mimi." Akakaa. Badala ya kuniuliza kama rafiki yangu ana mimba, akaniuliza: "Unaogopa nini kitampata?" Sikuwa na mstari wa kujibu hilo. Nikalia kweli. Baada ya wiki chache msichana mmoja wa bweni letu alikwenda kwa mwalimu yuleyule kwa miguu yake. Sitasema zaidi ya hapo.

Kwa hiyo kwa swali la bibi kutatua au kukwepa: mwalimu yule naye alibadilisha swali, na swali alilolibadilisha lilikuwa baya tangu mwanzo.

#17 Dada Chikongola
Asante sana kwa #16.

#18 Fundi Jukwaa
Salaam. Nilisoma chuo cha sanaa Bagamoyo, kwa hiyo hii ni kazi yangu.

Mtindo huu wa kusimamisha mchezo na mtazamaji kuingia ulienezwa na Augusto Boal wa Brazil, aliyefariki 2009. Alisimulia ulivyozaliwa. Mwaka 1973 akiwa uhamishoni Peru, kwenye kampeni ya kisomo, mwanamke mmoja asiyejua kusoma alileta kisa chake. Mumewe alikuwa akimwachia karatasi amtunzie, akimwambia ni za ujenzi wa nyumba yao. Akaja kuzisomesha kwa jirani, kumbe ni barua za mapenzi za mwanamke mwingine. Waigizaji wakacheza, watazamaji wakashauri afanye nini mume akirudi. Mama mmoja akashauri azungumze na mume waziwazi. Waigizaji wakajaribu, akasema hapana, waziwazi zaidi. Wakajaribu tena, akakasirika. Boal akamwambia basi njoo uonyeshe. Mama akapanda, akachukua ufagio, akampa kipigo yule mwigizaji "mume" kisha akamwamuru amletee chakula. Tangu hapo Boal akajua maneno ya mtazamaji na kitendo chake si kitu kimoja.

Lakini sasa lawama yangu kwa kikundi kile. Kanuni ya Boal ni kwamba anayeruhusiwa kubadilishwa ni anayeonewa, si mwenye mamlaka. Ukimwacha mtazamaji ageuke kuwa mwenye nguvu mwenye moyo mzuri, umefanya muujiza. Anayeonewa pale ni binti. Swali lilitakiwa liwe: binti angefanya nini siku ile mnunuzi amefika na mama yuko wodini? Kofia ya mjomba isingetoka kichwani kwa mwigizaji.

#19 Karani wa Mizani
Fundi, ungekaa mizani siku moja usingesema katibu ana nguvu. Wanachama wanakutazama, viongozi wa juu wanakutazama, ndugu wanakutazama, na mnunuzi anajua nyumba yako ilipo. Katibu naye anaonewa, ila anaonewa akiwa ameshika muhuri. Mwacheni apewe msaada wa mawazo.

#20 Mfanyabiashara Mdogo
Nimewasoma kimya mpaka hapa. Mimi biashara hiyo nimeifanya. Njooni na mawe yenu, lakini nisikilizeni.

Mwezi wa sita mkulima anataka salfa, dawa ya mikorosho. Mwezi wa nane mtoto anatakiwa shule. Msiba hausubiri mnada. Anakuja kwangu saa tano usiku, anagonga dirisha, ananiita kaka. Haendi kwa mwenyekiti, anakuja kwangu. Nikimwambia sina, analia. Nikimpa, mimi ni mnyonyaji. Wengine nimewapa na mkorosho haukuzaa kitu, sikuwafuata. Kwenye mchezo wenu mnunuzi amepewa mistari mingapi? Alivaa miwani myeusi, sivyo? Huwa wanamvisha miwani myeusi kila mara.

#21 Ngonjera Mtwara
Alivaa, ndiyo.

#22 Karani wa Mizani
Kaka, uchungu wako nausikia. Lakini kangomba ni zaidi ya mkopo. Kuna kile kipimo chenyewe, bakuli linaloitwa kilo moja na ndani yake ni kilo na zaidi. Mkulima aliyelia dirishani unampimia kwa bakuli hilo. Huruma gani ina bakuli mbili?

#23 Mfanyabiashara Mdogo
Bakuli sikulitengeneza mimi. Na wewe karani uniambie: mzani wenu umewahi kusoma kilo pungufu au haujawahi?

#24 Mwalimu wa Mtama
Jamani taratibu, mjadala ni mzuri msiuvunje.

Napendekeza hivi. Wafungwa wa Robben Island waliwahi kucheza Antigone, tamthilia ya Wagiriki wa kale. Binti anataka kumzika kaka yake, mfalme amepiga marufuku. Sheria upande huu, damu upande ule, ni mchezo wa Nanyamba kabisa. Nelson Mandela alicheza mfalme, yule Kreoni. Mtu aliyefungwa na sheria akakaa kwenye kiti cha mtunga sheria, akayasema maneno yake. Fundi #18 kanuni zako nazijua, ila kuna elimu nyingine inayopatikana kwa kumvaa usiyemtaka. Kikundi kikirudi, mfanyabiashara wetu avae kofia ya mjomba, na Karani avae miwani myeusi.

#25 Mla Mbaazi
Hiyo nitalipia nauli nije kutoka Lindi. Halafu, nje kidogo ya mada, salfa mwaka huu imefika kwenu? Huku tunasubiri.

#26 Nahodha Msimbati
Mla Mbaazi, uzi wa salfa uko jukwaa la kilimo.

Mwalimu, kubadilishana kofia ni kuzuri, lakini narudi palepale. Kesho yake asubuhi nani atakuwa na laki tatu kwa ajili ya binti? Kama kijiji kingekuwa na mfuko wa dharura, mchezo wote usingekuwepo. Mnatafuta uadilifu wa mtu mmoja mahali ambapo pamekosekana mpango wa watu wote.

#27 Wakili wa Mtaa
Nahodha umesema, lakini hata mfuko ungekuwepo kuna siku ungekuwa mtupu. Siku hiyo mtu angebaki na kalamu mkononi. Swali la mchezo haliondoki kwa kujenga mfuko.

#28 Dada Chikongola
Kuna kitu kinanisumbua tangu juzi na sijaona aliyekigusa, na mimi mwenyewe kimenijia leo nikiwa napepeta mchele. Mama mgonjwa haonekani kwenye mchezo hata mara moja. Shamba ni lake. Ugonjwa ni wake. Binti ni wake, katibu ni kaka yake. Kijana ameambiwa nenda kamwambie mama, akashindwa. Bibi amepokea korosho kwa jina lake. Sisi tumeandika hapa posti karibu thelathini. Hakuna aliyesema aletwe aulizwe. Labda angesema uzeni. Labda angesema bora nife kuliko mwanangu aitwe polisi. Fundi, wewe uliyesoma, kwa nini asipewe mwigizaji?

#29 Fundi Jukwaa
Sina la kubisha. Kitanda kimoja tu na shuka, inawezekana kabisa. Nitawafikishia, kuna ninayemfahamu kwenye kikundi.

#30 Karani wa Mizani
Dada #28, na kwenye daftari la chama mwanachama ni mama, si binti. Kwa hiyo binti aliuza mali isiyo yake. Hiyo inabadilisha kesi nzima, hata ya mfanyabiashara: alinunua kwa asiye na haki ya kuuza.

#31 Mfanyabiashara Mdogo
Mwenye haki ya kuuza alikuwa wodini hajitambui. Ulitaka nimuulize nani?

#32 Karani wa Mizani
Mjomba.

#33 Mfanyabiashara Mdogo
Mjomba yupi, yule ambaye dada yake kalazwa na yeye hajatoa hata shilingi? Mleta uzi, tuambie: kwenye mchezo ilionyeshwa mjomba alikuwa wapi siku binti alipokuja kugonga dirisha langu?

#34 Ngonjera Mtwara
Haikuonyeshwa. Na kijijini wapo wanaosema alikuwa na hela, wengine wanasema hakuwa nayo. Wanasema kwa uhakika, kila mtu na wake, kama vile ni mtu wanayemjua.